Kitabu Ulichokifunika kwa Gazeti

Kitindamimba wangu,

Saluni nimefunga saa mbili na miguu imevimba, lakini nisipoandika leo nitaahirisha tena. Nimekisoma kile kitabu chako. Nimekimaliza juzi saa nane za usiku, kwa tochi ya simu, maana stima zilikuwa zimepotea.

Unakijua. Kile ulichokifunika kwa gazeti kama daftari la hisabati, ukiwa Kidato cha Pili. Nilikikuta chini ya mto nikikutandikia, nikafungua katikati, nikaona msichana anavyomtazama msichana mwenzake, nikaelewa papo hapo. Sikukugombeza wala sikukuuliza. Nilikitia ndani ya sanduku la nguo za baridi, juu ya kabati, na wewe hukuwahi kukiulizia. Miaka sita tumepita chini ya sanduku lile tukiamkiana kama kawaida. Nilikukosea, mwanangu. Ungelia au ungenikasirikia ningejua la kusema. Kile kimya chako ndicho kilichonitafuna.

Kumbe hicho kitabu, Ash, ni Cinderella, mama wa kambo na majivu ya jikoni, ila imeandikwa upya na Malinda Lo wa Marekani mwaka 2009. Mwana wa mfalme yumo, na dansi yake imo. Lakini moyo wa yule binti, Ash, unamwendea mwanamke, mkuu wa wawindaji wa mfalme, na polepole sana, kwa matembezi ya msituni na kufundishwa kupanda farasi. Nami nilisoma nikisubiri kifo. Kila nikifungua ukurasa najiambia, sasa farasi atamwangusha mmoja, sasa watakamatwa. Nikafika mwisho, wote wazima, wamepatana. Nikakaa na tochi yangu nikijiuliza ni nani aliyenifundisha kwamba wawili kama hawa lazima mmoja azikwe.

Maana mimi si mgeni wa hadithi za mapenzi. Kabla hujazaliwa, nikijifunza ususi, nilikuwa nanunua vile vitabu vidogo vya Kiingereza kwa wauzaji wa inama, vimetandazwa chini kwenye gunia pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, nikisoma kati ya mteja na mteja. Mchana kutwa mikono yangu imo kwenye nywele za kipilipili, na jioni nasoma mwanamume anavyopitisha vidole kwenye nywele za rangi ya asali. Sikuwahi kukutana na msichana wa nywele kama zangu akipendwa hata ukurasa mmoja. Hata Marekani kwenyewe, riwaya inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo yenye wapenzi Weusi, iliyoandikwa na mwandishi Mweusi, Elsie Washington, ilitoka mwaka 1980. Basi njaa ya kujitafuta kitabuni ukajikosa naijua. Niliijua hata siku ile nilipokunyang'anya chako, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Baada ya Ash nikatafuta zaidi. Nimesoma habari za Mwingereza E. M. Forster, aliyeandika riwaya ya wanaume wawili wanaopendana, Maurice, mwaka 1913 na 1914, akaifungia. Alishikilia kwamba lazima wabaki pamoja mwishoni. Mwenyewe alieleza kwamba kama angemaliza kwa kijana kujinyonga, kitabu kisingekuwa na tatizo. Ilichapishwa 1971, yeye akiwa kaburini mwaka mmoja. Waingereza walianza kuilegeza sheria yao dhidi ya wanaume kama hao mwaka 1967. Waliyotuachia sisi Wakenya, kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu, ingali na miaka yake 14 ya jela, na Mahakama Kuu iliikubali tena Mei 2019.

Na hapa kwetu, je, unakumbuka Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu ya wasichana wawili wanaopendana, 2018? Ilipigwa marufuku, kisha mahakama ikairuhusu siku saba tu. Redio ilikuwa ikizungumza habari hizo saluni, wateja wanabishana, nami nikapunguza sauti kwa sababu ulikuwa umekaa pale kwenye benchi ukisubiri kusukwa. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno, akakataa. Hebu fikiria! Wapenzi kuteseka haikuwa shida. Kwetu hadithi ya mapenzi huishia wakaishi raha mustarehe, nawe ulipokuwa mdogo ulikuwa hulali mpaka niyatamke maneno hayo. Wawili hawa ndio walioonekana hawayastahili.

Kina mama wa jumuiya husema mambo haya ni ya kuletwa. Shosho yako, aliyekuwa hakosi kanisani Jumapili hata moja, ndiye aliyetuambia kwamba ukiuzunguka mti wa mugumo mara saba, mwanamke anageuka mwanamume na mwanamume anageuka mwanamke. Mimi na dada zangu tulijaribu. Tulifika mzunguko wa sita tukatimua mbio, tunacheka mpaka machozi. Shosho hakuipata hadithi hiyo kwenye ndege.

Sikuulizi lolote kukuhusu, na barua hii si mtego. Kama ulikisoma kwa ajili ya farasi na msitu, sawa. Kama ulikuwa unajitafuta humo, mimi ni mama yako vile vile, na mlango ni ule ule. La kuniambia utaniambia ukitaka, siku utakayotaka.

Gazeti nimelitoa, lilikuwa limeanza kuliwa na mende. Jalada la ndani ni zima. Tikiti yako ya basi nimeirudisha ukurasa ule ule ulikokuwa umefika, maana nilikunyang'anya ukiwa hujamaliza. Kitabu kiko kwenye rafu ya sebuleni, kati ya Biblia na albamu ya picha, na shangazi yako alipokuja Jumapili alikiona. Ukija likizo, niambie kipi kingine nisome. Nauli nitakutumia Ijumaa.

Mama