Tupime kwanza, ndipo tupanue

Ndugu Mhariri,

Hapa Bukavu, mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa akishatengenezewa kwa upasuaji, mama hufundishwa kuipanua kwa kijiti cha chuma mara mbili kwa siku, kwa miezi. Mtoto hulia, mama hutetemeka. Tafiti za karibuni hazikuona tofauti kubwa ya msinyao (njia kubana kwa kovu) kati ya waliopanuliwa na wasiopanuliwa.

Tunaomba kliniki ipime kwanza: umri wa miezi 1 hadi 4, Hegar namba 12 (kijiti hicho cha chuma, chenye unene wa milimita 12) ipite bila kusukumwa. Ikikwama, kovu limebana; huyo ndiye apanuliwe. Mwenye kolostomia (tundu la tumboni la kutolea choo) asikose kupimwa kabla haijafungwa, maana choo hakipiti huko chini, na dalili ya choo chembamba haitaonekana.

Wauguzi wa upasuaji wa watoto, Bukavu