Mdogo wangu, usilirudishe koti begini

Mdogo wangu,

Jumapili ulinitumia picha umevaa fulana, nyuma yako mti wa matufaha umejaa maua, ukaandika: "Dada, baridi imekwisha." Nilifurahi kukuona unacheka. Leo hewa imegeuka, inashuka kutoka Aktiki. Nakuandikia hapa hadharani maana hauko peke yako. Vijana wengi wa nyumbani wamekuja Ujerumani kusomea uuguzi, na wanaamkia zamu za alfajiri kama wewe.

Sisi wa Njombe tunaijua sakitu. Tumeiona Juni na Julai ikiunguza viazi, majani yamelala meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Usiku usipokuwa na wingu wala upepo, joto la ardhi linapaa lote, na alfajiri ndiyo saa mbaya. Huku inakuja watu wakiwa wameshajiachia. Mwaka 2024, mwanzoni mwa Aprili joto lilifika nyuzi 30 kusini-magharibi. Mwezi haujaisha, baridi ikaunguza maua ya matufaha na mizabibu hukohuko kwenu Sachsen, jimbo la mashariki.

Wewe unatoka na baiskeli saa kumi na moja. Simu ikikuonyesha nyuzi 2, usitulie: joto hilo hupimwa mita 2 juu ya ardhi, na pale tairi linapogusa huenda pameshaganda. Darajani ni pabaya zaidi, upepo unapita juu na chini yake. Mimi nilianguka darajani mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa nne. Lami ilionekana imelowa tu, inang'aa chini ya taa. Niliposhika breki, gurudumu la mbele likateleza, nikajikuta nimekaa chini kiganja kimechubuka. Nikayagusa yale niliyodhani ni maji: barafu, nyembamba kama kioo cha saa. Ukifika darajani, shuka uikokote.

Usiangalie hali ya hewa ya Ujerumani nzima, haitakusaidia. Hapa Hamburg, kaskazini, tuna upepo mkali na manyunyu ya punje nyeupe za barafu, laini, ukubwa wa mtama. Wenyeji wanaziita Graupel. Zinamwagika dakika chache, barabara inakuwa nyeupe, kisha jua. Jua hilo la Aprili ndilo linalopasha ardhi huku juu hewa ni baridi mno, ndiyo maana mawingu yanafumka ghafla. Kwenu bondeni itakuwa mvua, lakini ukipanda milima ya Erzgebirge ni theluji nzito yenye maji, inayokalia matawi yaliyokwisha kuchipua mpaka yanavunjika. Msituni usiende. Idara yao ya hali ya hewa, DWD, inatoa tahadhari wilaya kwa wilaya, kwa rangi, kuanzia njano hadi zambarau iliyo kali zaidi. Tazama ya wilaya yako kabla hujalala.

Kinachoninyima usingizi hasa ni jiko. Ulisema mmenunua jiko la mkaa la kuchomea nyama. Chumba kikiwa baridi, msiliingize ndani hata likiwa limebaki majivu yenye moto. Jikoni kwa mama moshi unapenya chini ya bati. Madirisha ya huku yanabana kabisa, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Unasinzia tu. Kipasha joto kikigoma, mpigie mwenye nyumba hata kama ni usiku, vaeni soksi mbili, jifunikeni blanketi zote.

Kesho ukifika kazini, nitumie ujumbe kabla hujavaa sare. Nitakuwa macho.

Dada yako