Santuri "nzuri sana" si nzuri sana

Mhariri,

Matangazo ya santuri za zamani yamezidi, hasa zile sahani za inchi 7 za dansi, benga na taarabu zilizotengenezwa Nairobi. Karibu yote yameandikwa "hali nzuri sana". Mnunuzi wa Ujerumani au Japani akiletewa sahani hiyo na kuipiga, huanza kudai fedha zake.

Chanzo ni tafsiri. Wakusanyaji wengi hufuata madaraja ya jarida la Goldmine la Marekani: M ni sahani isiyo na dosari yoyote, kisha NM (karibu haina dosari), VG+, VG, G, na P (mbovu) mwishoni. VG kwa maneno ni "nzuri sana", ila kwa vipimo hivyo ni sahani inayochakacha waziwazi muziki unapotulia, yenye mikwaruzo ambayo ukucha unaihisi. Bei yake ni kama robo ya NM. VG+ ni kama nusu. Na G, yaani "nzuri"? Inafika mwisho bila kuruka, basi.

Kabla ya kupima, safisha. Vumbi jekundu huifanya sahani nzima ionekane mbovu kumbe iko salama. Tumia maji yaliyokenekwa (yatokanayo na mvuke uliopozwa), tone moja la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji, wala usilowanishe lebo. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, za enzi za Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928, usizisogezee spiriti kamwe: zimetengenezwa kwa shelaki (aina ya utomvu mgumu), na spiriti huiyeyusha.

Kisha shika sahani kwa ukingo, iweke chini ya taa moja kali na uiinamishe taratibu. Mwanga wa dirishani siku ya mawingu huficha mengi. Tazama pia tundu la katikati: vijistari vingi kwenye lebo kulizunguka ni ushahidi kwamba sahani imewekwa na kutolewa mara nyingi, hata ikimeremeta vipi.

Macho pekee hayatoshi, na hapa ndipo sahani zetu zinapowaponza wauzaji. Nyingi zilipigwa kwa radiogramu zenye sindano iliyolemea gramu 5 au zaidi, mara nyingi imeshalika. Mashine nzuri za leo huweka gramu 1.5 hadi 2. Ile sindano nzito ya zamani haiachi mkwaruzo wa kuonekana, inakwangua kuta za mifereji. Sahani inang'aa, lakini tarumbeta zinapasuka na "s" za mwimbaji zinakuwa "sh". Sikiliza hasa dakika ya mwisho, karibu na lebo: pale mzunguko ni mfupi, sauti ileile imebanwa kwenye nafasi ndogo, na uchakavu hujitokeza kwanza.

Ukisikia "tik", hesabu. Mkwaruzo hugonga mara moja kila mzunguko, kwa hiyo sahani ya mizunguko 45 kwa dakika hutoa tik 3 katika sekunde 4. Zikija ovyo ovyo, huenda ni uchafu. Rudia kuosha kabla ya kushusha daraja.

Kila upande upewe daraja lake, na jalada lake kando. Sahani ndogo nyingi zina bahasha ya karatasi tu, hivyo lebo ina uzito: jina la mwenyewe kwa kalamu, stika ya duka, alama ya maji, vyote vitajwe.

Ombi kwa ukurasa wenu wa matangazo: badala ya "nzuri sana", mtakeni muuzaji aandike hivi: "Upande A VG, mkwaruzo mmoja, tik 9 mwanzoni, hairuki. Upande B VG+. Zote zimesikilizwa. Lebo ina jina kwa wino wa buluu. Bahasha si ya asili." Ni mistari miwili mitatu tu ya gazeti.

Mkusanyaji wa santuri,
Tanga