Somo, fungua mfuko taratibu

Ngamiani, Tanga
Jumapili, saa tano usiku

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu mlio kwenye joto na foleni. Mama Zuhura anakusalimu, watoto wanakusalimu, na mzee wetu wa Barabara ya Saba kila Ijumaa ananiuliza kama bado unaswali au Dar imeshakumeza. Nimemjibu unaswali. Usiniangushe.

Najua tangu Idi sijakutafuta, na najua unasema huyu hanikumbuki mpaka akwame. Basi nimekwama. Humo mfukoni, chini ya mkate wa kumimina, kuna kitu kimefungwa kwa gazeti na mpira wa tairi ya baiskeli. Usikifungue mbele ya vijana wako wa dukani. Ni fremu ya kisanduku cha dashibodi ya Nissan Fairlady Z na kifuniko chake, na fremu, kama utakavyoona, ina ufa.

Nianze mbali kidogo. Kuna kijana wa Raskazoni, anafanya kazi Chongoleani kule linakoishia bomba la mafuta la kutoka Uganda, ameagiza Fairlady ya 2003 kutoka Japani. Ile ya viti viwili, silinda sita, lita tatu na nusu. Kodi aliyolipa haitaji. Ukimuuliza anatazama baharini. Ikipita Barabara ya Kumi na Mbili watoto wanaacha mpira. Ila iko chini kama kenge. Matuta ya kwetu inayapanda kimshazari na bado tumbo linakwaruza, mwenyewe anafumba macho kila ikilia.

Shida yake ilianza kwenye redio. Wazijua redio za Japani za umri ule, FM inaanza 76 inaishia 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Nikamwambia tufunge kile kibadilisha mawimbi, kazi ya nusu saa. Akakataa. Anataka kioo, kioo cha video, inchi saba, katikati ya dashibodi, "kionekane kimetoka nacho kiwandani." Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza, somo. Angesema "nining'inizie tu hapo" leo ningekuwa nimelala.

Maana nafasi ipo. Juu katikati ya dashibodi ya Z kuna mita tatu ndogo za duara, zimemgeukia dereva. Chini yake kuna kisanduku chenye kifuniko. Zile zilizokuja na ramani, skrini yao imekaa hapohapo. Zisizo na ramani ndiyo pa kuwekea miwani na marashi. Na mbele ya abiria hakuna droo kabisa! Droo iko nyuma ya kiti cha abiria, ukitaka kadi ya gari unajipinda kama unatafuta kobe uvunguni. Mjapani naye ana siku zake. Kwa hiyo nikaona kazi nyepesi: vua kifuniko, punguza plastiki ya ndani, ketisha kioo, ziba kingo kwa faiba na pati, msasa, rangi. Siku mbili.

Nilisema siku mbili mbele ya watu. Leo ya kumi na moja.

Umeme haukunisumbua, nakuapia. Njano kwenye betri moja kwa moja, nyekundu kwenye ACC, ule unaopata umeme ukizungusha ufunguo, nyeusi kwenye bodi. Dogo wangu wa gereji kidogo aniue kwa presha, kwa sababu waya wa picha nao kichwa chake cha njano, nikamkuta anaunyemelea na ule wa umeme mkononi. Volti 12 zikiingia kwenye mlango wa picha, kioo kinakuwa sinia. Halafu spika zikawa na mlio kama wa nzi, ukikanyaga mafuta nzi anapanda, ukiachia anashuka. Nikahangaika mchana kutwa, kumbe hasi nimeibana kwenye skrubu ya bati lililopakwa rangi. Nimekwangua mpaka chuma kikang'aa, nikabana upya, nzi akafa.

Tuligombana kwenye waya wa handbreki tu. Unajua video haionyeshi mpaka handbreki iwe juu, yeye akataka ule waya niufunge kwenye bodi moja kwa moja ili video icheze gari ikitembea. Mafundi wanafanya. Nami nimewahi kufanya, gari ipi unaijua, na ilikoishia unakujua. Nikamwambia mgosi, barabara ya Segera na malori yake, lita tatu na nusu chini ya mguu, halafu utazame video? Akasema itakuwa ya abiria. Abiria gani? Akacheka tu. Sikuufunga. Nikampoza kwa kamera ya nyuma, umeme wake nimeuchukua kwenye taa ya rivasi, maana gari ile ukigeuka kutazama nyuma huoni kitu. Akarudi nyuma kwenye mwembe mara nne kwa raha tu.

Sasa fremu. Juu nimeandika "ina ufa", kama vile ufa ulikuja wenyewe. Nilitaka kukwambia kioo kiliuzwa na vipimo vya uongo, na hata sentensi nilishaitunga. Ni kweli mwuza duka aliniambia "inchi saba zinakaa popote", lakini inchi saba ni za picha, kona kwa kona, hazisemi chochote juu ya ukingo, na hilo nalijua tangu tunajifunza ufundi kwa mzee. Redio ya DIN mbili, ile ya kipimo maalumu, mdomo wake ni milimita 180 kwa 100, unakata umefumba macho. Kioo cha peke yake kila mtu anatengeneza anavyotaka. Ndiyo maana wewe ulikuwa unakata kadibodi kwanza, unaketisha, unapunguza, unaketisha tena, na sisi tunakucheka.

Mimi nilipima kioo kwa rula ya shule ya Zuhura. Ile rula, somo, imetafunwa ncha. Nusu sentimita ya mwanzo haipo. Kisha alama kwenye fremu nikachora kwa futi ya gereji, ambayo ni nzima. Umeelewa? Nilikata tundu kubwa kwa nusu sentimita, na upande wa juu ikabaki plastiki nyembamba kama ukucha. Kioo kilipoanza kucheza nikabana skrubu ya pili, ikalia "ta!" Mlio mdogo tu. Dogo akainua kichwa, nami nikajifanya nimekohoa.

Nilijaribu kuiziba. Asubuhi faiba imeshika vizuri, nimepiga msasa mpaka kidole hakihisi mshono. Gari ikakaa juani, saa nane mchana ufa umefunguka tena kama mdomo wa changu. Sikuficha ufa mara moja basi, nimeuficha mara tatu. Mwenye gari nimemwambia nasubiri kifaa kutoka Dar. Si uongo. Wewe ndiye Dar.

Kwa hiyo nakuomba uzunguke Gerezani, hapo Dar, unitafutie fremu nyingine kwa wale wanaouza magari ya kukata. Iwe ya Z33, ndiyo Fairlady ya umri huu, si Z34 iliyofuata. Ya 34 haiingii. Tena ya miaka ya mwanzo, ndani walikuja kubadilisha baadaye. Rangi usihangaike nayo, nitapuliza. Ila klipu za nyuma ziwepo zote, linganisha na hii niliyokutumia, moja ikikosekana itagonga kila tuta. Ukipata na kifuniko, sawa. Ukikosa, fremu peke yake inatosha.

Bei nitumie kwa ujumbe, nitakurushia siku hiyohiyo. Itatoka kwenye ufundi wangu, si kwake, nikipiga hesabu gari ya watu nitakuwa nimeifanyia bure na nauli juu.

Haya, na wewe? Lile duka mlikubaliana na mwenye jengo, au bado anapandisha kodi kila mwezi? Shemeji anaendeleaje na mgongo? Yule jamaa wa Makorora aliyekuja huko na pesa ya Baba Rehema, ameonekana? Na huku Mkwakwani utakuja lini, au Coastal Union tutaishangilia sisi tu? Bado unakata kadibodi? Na niambie ukweli: kijana wa watu nimweleze sasa, au ningoje fremu ifike ndiyo nimweleze? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usijibu kwa ujumbe wa sauti, dogo huwa anaufungua simu ikiwa kwenye spika ya gereji.

Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, nampa konda mkononi. Mkate usipofika, yeye ndiye kaula.

Wasalaam,
Somo yako

Rula nimeificha juu ya kabati. Zuhura anaitafuta tangu Jumanne.