Mtoto akianguka kifafa, wekeni kijiko chini jamani

Mhariri naomba nafasi kidogo. Binti yangu alikua anazubaa tu darasani, sekunde kama 10 hivi macho yameganda, ukimwita haitiki, afu anaendelea na mambo yake kama hakuna kitu, mwalimu akasema mvivu na mimi mwenyewe nikamgombeza sana, kumbe ni kifafa, ile aina isiyoangusha mtu. Inaniuma mpaka leo.

Sasa wale wanaoanguka na kukakamaa ndo tunawaumiza zaidi, watu wanakimbilia kijiko wamtie mdomoni eti asimeze ulimi, wengine wanamkandamiza mikono. Ulimi haumezwi jamani! Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, legeza nguo shingoni, angalia saa, zikipita dakika 5 hajatulia au ikimrudia kabla hajazinduka mkimbize hospitali. Na lile povu ni mate tu, haliambukizi. Mwingine arekodi video kwa simu, daktari wetu aliielewa haraka kuliko maelezo yangu yote. Dawa nazo ni kila siku, usikatishe ghafla eti kwa sababu miezi imepita hajaanguka, inaweza kurudi kwa nguvu.

Mama wa mwanafunzi