Vishikwambi vya walimu visiishie ofisini

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako, mi ni mwalimu wa Fizikia shule ya kata na hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu sasa.

Baada ya Sensa ya Agosti 2022 vile vishikwambi vya makarani vililetwa kwa walimu, tukafurahi kwelikweli. Lakini kwenye shule ninazozijua kishikwambi kazi yake ni kujaza taarifa, leo takwimu za hiki kesho za kile, darasani hakiingii kabisa, na mwalimu akiingia nacho kuna mkuu atamuuliza kikianguka nani atalipa.

Na sio kifaa peke yake. Mwaka jana niliazima projekta, nikaandaa slaidi za umeme zenye picha nzuri za rangi, nikazisoma mwanzo mpaka mwisho, na kabla hata nusu ya kipindi haijafika waliokaa nyuma walikuwa wameshalala. Iliniuma sana maana nilikesha kuziandaa. Baadaye nikaona kosa ni langu, nilichokuwa nimebadilisha ni ubao tu, mtoto bado anakaa ananakili vilevile.

Sasa nafanya hivi. Kuna programu za bure za PhET, ni majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini, zilianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya Fizikia, pale Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Unazipakua mara moja ukiwa mahali penye mtandao, baada ya hapo hazihitaji bando. Kwenye ile ya saketi mwanafunzi anaburuta betri, waya na balbu kwa kidole anaunganisha mwenyewe. Nawaazima wenzangu vishikwambi vyao, watoto sita kwa kimoja, lakini kabla hawajagusa kitu kila kundi linaandika kwenye karatasi: tukiongeza balbu ya pili kwa mfululizo, yaani kwenye njia ileile ya waya, mwanga utakuwaje, na tukiiunganisha sambamba, yaani kwa njia yake yenyewe, je? Karibu wote waliandika kwamba kote kote mwanga utapungua kwa sababu umeme unagawanywa. Wakaunganisha. Ya mfululizo ikafifia kama walivyosema, ya sambamba zote mbili zikawaka vilevile kama ile moja, aisee darasa lililipuka, wengine wakafuta wakaunganisha upya wakidhani wamekosea. Hapo ndio nikafundisha, na walisikiliza kwa sababu jibu walikuwa wanalitaka wao. Kuna binti tangu kidato cha kwanza sijawahi kusikia sauti yake, siku hiyo aliuliza kama ndio maana nyumbani ukizima taa ya sebuleni ya chumbani haizimiki. Kwa Kiswahili. Nikamjibu kwa Kiswahili, halafu ndio tukaandika kwa Kiingereza cha mtihani. (Baadhi ya hizo programu zina tafsiri ya Kiswahili pia, walimu wenzangu zitafuteni.)

Siombi wanafunzi waruhusiwe simu shuleni, hilo ni jambo jingine na sababu za kuzikataza nazielewa. Ninachoomba ni kwamba wakuu wa shule wapewe maelekezo ya wazi kuwa kishikwambi kuingia darasani ni matumizi halali, na kikiharibika kwenye kazi mwalimu asikatwe mshahara. Pia hizi semina za siku moja ukumbini tunaonyeshwa jinsi ya kuwasha na kutengeneza slaidi, bora tukutane walimu wa somo moja wa kata jirani, kila mtu aje na mada inayomsumbua, tuiandae pamoja na kuijaribu kwa watoto wiki hiyohiyo. Chaji tunaweza kuweka usiku, umeme ukikatika mchana chaji ya vifaa inafika jioni, hilo sio kikwazo.

Kidato cha pili wanaanza mada ya umeme muhula ujao na bado sijui kama nitaruhusiwa kuazima tena.

Mwalimu wa Fizikia,
Morogoro