Kwa nini safari yetu ya Nchi Takatifu ina siku mbili nzima jangwani

Wachungaji wanaotuletea vikundi huuliza swali moja wakishaiona ratiba: siku mbili nzima jangwani za nini, wakati safari nyingine zinaimaliza Bahari ya Chumvi kwa nusu siku na jioni watu wako Yerusalemu wananunua zawadi? Ni swali la haki. Muumini amedunduliza fedha kwa miaka, na kila siku inayoongezwa ina gharama ya kitanda, chakula na basi. Tumeona tulijibu hapa kwa kirefu, ili hata mama wa kwaya anayelipa kidogo kidogo ajue analipia nini.

Biblia ina jangwa karibu kila upande. Daudi alijificha humo, Eliya alilala chini ya mti akiomba afe, Yohana alihubiri humo, na Bwana Yesu alifunga humo siku arobaini. Yerusalemu utakuta kanisa limejengwa juu ya kanisa, marumaru, taa na foleni ndefu. Tunaipenda Yerusalemu na tunaipa siku zake. Lakini jangwani ukuta wa zamani uko wazi mbele yako, na nchi yenyewe, yaani mawe, makorongo na ukame wake, bado inaonekana kwa macho kama wale watu walivyoiona.

Siku ya kwanza tunaondoka Yerusalemu alfajiri. Mji uko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na ufuko wa Bahari ya Chumvi uko karibu mita 430 chini ya usawa huo. Mteremko wote huo unakwisha ndani ya saa moja hivi, na masikio yanaziba kama kwenye ndege. Ni upande uleule aliokuwa akishukia yule mtu wa mfano wa Msamaria mwema. Ukisimama juu ya korongo la Wadi Qelt na kuona kona zake, huhitaji kuelezwa kwa nini wanyang'anyi waliipenda njia hiyo.

Hapo ndipo mwongozaji anapoeleza mvua, na tunaomba watu wasilale. Mawingu yanatoka Mediterania, yanamwaga maji upande wa magharibi wa milima, na yakivuka kilele yamekwisha. Yerusalemu inapata zaidi ya milimita 500 kwa mwaka. Chini kwenye Bahari ya Chumvi hazifiki 100. Ndiyo maana mvua ikinyesha milimani wakati wa baridi, korongo lililokauka kabisa hujaa maji ya kasi huku juu ya kichwa chako jua linawaka. Zaburi ya 126 inapomwomba Bwana awarejeze wafungwa kama vijito vya kusini, inasema habari ya maji hayo: jana hakukuwa na kitu, leo mto umejaa. Ni hatari pia. Mamlaka ya hifadhi ikifunga njia ya korongo kwa tahadhari ya mafuriko, sisi hatubishani nayo, hata kama kikundi kimetoka Mbeya.

Qumran, magofu yaliyo karibu na ufuko wa Bahari ya Chumvi, tunafika mapema. Huko, mwaka 1947, ndiko habari ya magombo ya kale yaliyokutwa pangoni na wachungaji wa Kibedui ilikoanza kujulikana. Mapango kumi na moja yalitoa magombo na vipande vyake, vikiwamo vya karibu kila kitabu cha Agano la Kale. Gombo kubwa la Isaya lina urefu wa zaidi ya mita 7, na limeyazidi umri kwa takribani miaka elfu moja maandiko ya Kiebrania yaliyokuwa yakitegemewa kabla yake. Pango la nne, lililotoa vipande vingi kuliko yote, unaliona ng'ambo ya korongo bila kupanda popote, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu hakosi kitu.

En-gedi iko mbele kidogo kusini, na watu wetu huipenda kuliko tunavyotarajia. Baada ya kilomita nyingi za mawe matupu, maji yanaanguka kutoka kwenye mwamba. Hapa ndipo Daudi alipokata upindo wa vazi la Sauli pangoni. Mbuzi mwitu wanapita juu ya magenge na wibari wanaota jua kwenye miamba, kama Zaburi ya 104 inavyowataja pamoja. Mgeni kutoka Ulaya humshangaa wibari. Wenzetu waliokulia karibu na vilima vya mawe humsalimu kama jirani. Jirani na hapo kuna sinagogi la kale lililoungua. Mwaka 1970 wachimbaji walitoa humo gombo lililokuwa mkaa mtupu, lisiloweza kufunguliwa bila kusagika. Zaidi ya miaka arobaini baadaye wataalamu walilipiga picha za eksirei na kulikunjua ndani ya kompyuta, wakasoma mwanzo wa Mambo ya Walawi.

Kuhusu joto, tunawasihi watu wa pwani. Kauli ya "sisi Dar tumelizoea joto" tunaisikia kila mara, na ndiyo inayoleta shida. Joto la Dar lina unyevu, jasho unaliona. Kule hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujalihisi, na mtu anaishiwa maji akidhani yuko sawa. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40 bila taabu, ndiyo sababu hatupeleki kikundi miezi hiyo. Kila mtu abebe lita tatu za maji, na anywe kabla ya kiu. Kofia pana ni lazima; kitenge kichwani nacho kinafaa sana.

Jioni tunalala Ein Bokek, eneo la hoteli kwenye Bahari ya Chumvi, na huko ndiko watu wanakoelea majini. Lala chali, usizamishe uso, na usinyoe siku hiyo wala iliyotangulia. Baadhi ya fukwe mlizoziona kwenye picha za zamani zimefungwa. Bahari inashuka zaidi ya mita moja kwa mwaka, kwa sababu maji ya Yordani yanachukuliwa kabla hayajafika na viwanda vya madini vinakausha mengine, na ardhi iliyoachwa inatitia na kufunguka mashimo.

Siku ya pili ndiyo tunayoitetea kwa nguvu zote, kwa sababu ya Tel Arad. Ni mahali vikundi vingi hupita bila kusimama. Juu ya kilima kuna ngome ya wafalme wa Yuda, na ndani ya ngome wachimbaji wa miaka ya 1960 walikuta hekalu. Lina ua na madhabahu ya mawe yasiyochongwa, kama Kutoka 20 inavyoagiza, na lina chumba cha ndani kabisa chenye vidato, madhabahu mbili ndogo za kufukizia na mawe ya kusimamishwa. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba kwenye moja ya madhabahu hizo kulikuwa na mabaki ya ubani, na kwenye nyingine bangi. Tunalisema wazi hata mbele ya wazee wa kanisa, kwa sababu ndiyo hali halisi ya ibada ambazo manabii walizilalamikia. Hekalu lile lilizimwa likafukiwa, na wataalamu wengi wanahusisha jambo hilo na mfalme Hezekia, aliyeondoa mahali pa juu. Wengine wanasema lilitokea baadaye zaidi. Kusoma 2 Wafalme 18 ukiwa umesimama pale, mchungaji ana mahubiri ya mwaka mzima.

Ngome hiyo pia ilitoa vigae vilivyoandikwa kwa wino, vikiwamo barua kwa mtu aitwaye Eliashibu: wape askari unga, divai, mafuta. Kimoja kinataja nyumba ya Bwana. Ni karatasi za stoo za watu wa Yuda katika miaka ya mwisho kabla ya Babeli.

Tunamalizia Beer-sheba, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005. Nje ya lango kuna kisima kirefu sana, na wengi wanataka waambiwe ndicho cha Ibrahimu. Mwongozaji wetu hatasema hivyo. Mabaki ya mji unaoyaona ni ya enzi za wafalme, mamia ya miaka baada ya Ibrahimu. Sheria inamtaka awe na leseni ya Wizara ya Utalii ya Israel, nasi tunamtaka zaidi ya hapo atenganishe mapokeo na yaliyochimbuliwa. Anazungumza Kiingereza, na mtu wetu anatafsiri palepale.

Masada hatuiweki kwenye ratiba ya kawaida. Ni ngome ya Herode yenye historia kubwa, lakini inakula nusu ya asubuhi, na hatutaki kuilipia kwa kuiacha Arad. Kikundi kikiiomba, tunaiongeza kwa kigari cha waya.

Tangu vita vilivyoanza Oktoba 2023, tarehe zetu zinafuata hali ya usalama na maelekezo ya serikali, hivyo tunapokea amana tu mpaka safari ithibitishwe. Mchungaji akituma orodha ya majina, aandike pia nani ana kisukari au shinikizo la damu, nani anatembelea fimbo, na nani hawezi ngazi. Kwa hao tunaomba basi lisogee karibu na lango, na tunapanga mtu wa kubaki nao kivulini wengine wanapopanda.